Shuka Mpaka Ibishe

Koili ya spika ikiungua hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni ya nywele zilizobabuliwa, ya pili ni ya gundi iliyochemka, na hii ya pili ndiyo inayoganda kwenye mbao za boksi na kukaa humo siku nne au tano. Jumatatu asubuhi fundi aliinama juu ya buti la teksi nyeupe, akafungua skrubu ya kwanza kati ya ishirini na nne, na kabla hajafika ya tatu harufu ilikuwa imekwishamwambia yaliyomo. Hata hivyo alizifungua zote. Mwenye teksi alikuwa amesimama nyuma yake, na fundi alihitaji muda.

Akaitoa spika, akaisukuma koni, ile faneli ya karatasi inayotetema, kwa vidole vya mikono miwili. Koni iliyo nzima hushuka na kupanda kimya. Hii ilikwaruza. Hakuisikia ikikwaruza, aliihisi kwenye ncha za vidole.

"Feki," akasema.

"Feki tena?" Mwenye teksi akashika kiuno. "Fundi, hii nimenunua kwa shemeji yako hapo ng'ambo. Kwenye kasha lake, na plastiki yake."

"Kasha si spika."

"Ya yule wa pikapu feki. Ya kinyozi feki. Sasa na yangu. Shemeji yako anauza spika au anauza majivu?"

Fundi aliinamia boksi, akaanza kuzirudisha skrubu ambazo hazikuwa na kazi tena. Hiyo ilikuwa spika ya tatu tangu mwaka uanze, na zote tatu zilikuwa nzima siku zilipotoka dukani. Yeye alilijua hilo. Hakuna mwingine aliyelijua.

Mtaani anaitwa Chini-Chini. Jina lilitokana na swali analomuuliza kila mteja kabla hajagusa futi: "Unataka ya chini, au ya chini-chini?" Ya chini ni besi ya kusikia. Ya chini-chini ni ile inayotikisa kioo cha kutazamia nyuma, ikapanda kwenye nyayo na kukaa tumboni kama habari mbaya. Hakuna mteja aliyewahi kuomba ya chini.

Ana miaka hamsini na miwili, mabega mapana, vumbi la mbao kwenye nyusi, na karakana ya mabati yenye upana wa hatua saba nyuma ya duka la matairi. Kushoto kwake yupo mwanamke anayeshona viti vya magari, ambaye kila mtu humwita Mama Viti. Kulia ni mnyoosha bodi. Mbele, ng'ambo ya barabara, kuna duka lenye mlango wa buluu linalouza spika, redio na nyaya za magari. Mwenye duka ni mdogo wa mkewe. Mkewe alimlea huyo mdogo wake tangu ana miaka sita, wazazi wao walipofariki, na hana ndugu mwingine.

Fundi alianza na makabati ya nguo. Alipokuwa na miaka kama thelathini, mteja mmoja alimwomba amfanyie boksi la spika kwa mbao zilizobaki, na kabati lenyewe halijamalizika mpaka leo. Mwalimu wa hesabu aliyeishi jirani alimfundisha kipeo cha pili kwa kuchora na chaki kwenye sakafu ya karakana, jioni tatu mfululizo. Fundi akamtengenezea meza. Anasema ndiyo elimu pekee aliyoipata bila kuchapwa.

Boksi la kawaida lina chumba kimoja, na spika inatazama nje, unaiona. Boksi la Chini-Chini lina vyumba viwili. Ni kama nyumba: ukuta wa katikati una tundu, spika imefungwa kwenye tundu hilo, kifua chumba hiki, mgongo chumba kile. Kila chumba kina bomba lake la kutolea hewa, moja refu, jingine fupi. Spika yenyewe haionekani kabisa. Kinachotoka nje ni pumzi ya mabomba. Ukubwa wa chumba na urefu wa bomba ndivyo vinavyoamua sauti zipi zipite. Za juu hubaki ndani. Zinazotoka ni za chini tu, zimeshiba, na boksi likipimwa vizuri gari lote linakuwa ngoma.

Ndiyo maana ni boksi la kutisha. Spika iliyo wazi ikielemewa unaiona ikirukaruka, unaisikia ikilalamika. Iliyofungiwa kwenye vyumba viwili hufa kwa adabu. Boksi linayachuja malalamiko yake pamoja na kila sauti nyingine ya juu, na mwenye gari anaendelea kutikisa kichwa huku amebeba maiti kwenye buti.

Tena kuna mpaka wa chini. Hewa ya ndani huibana koni kama springi, hadi kwenye mtetemo ambao bomba refu limepimiwa. Chini ya hapo hewa inaiachia. Koni inakuwa kama mlango usio na komeo kwenye upepo, na koili inagonga bamba la sumaku: tak. Mafundi husema spika inabisha. Kuizuia, kuna kinobu cha kuzungusha kwenye amplifaya kinachokata sauti za chini mno. Ukikata mapema, besi inapoteza uzito. Ukichelewa, unazika spika.

Wengine hukiweka kinobu kwa kalkuleta. Chini-Chini alikuwa na kalkuleta, na aliitumia kwa mbao. Kwa kinobu alitumia sikio. Kanuni yake ilikuwa maneno matatu: shuka mpaka ibishe. Alikishusha taratibu akiingojea tak ya kwanza, ile hafifu inayopenya bombani chini ya ngurumo, na akiisikia tu anarudi nyuma upana wa ukucha. Hapo ndipo besi ilipo nzito kuliko mahali pengine popote. Kwa miaka kumi na tisa, kabla ya mwaka huu, hakuna spika iliyofia mkononi mwake.

Ili aisikie tak hiyo alihitaji kimya, na kimya kikawa sheria. Fundi akiwa kwenye kinobu, hakuna kusema. Mnyoosha bodi anaweka nyundo chini. Mama Viti anaondoa mguu kwenye cherehani. Mteja mmoja aliyewahi kukohoa aliambiwa akakohoe kwao. Watu waliipenda sheria hiyo kuliko hata besi yenyewe. Walitoka mtaa wa pili kuja kusimama na kunyamaza.

Mwaka jana, mwezi wa sita, alikwenda peke yake kupimwa masikio. Mkewe aliambiwa anakwenda kununua gundi.

Alifungiwa kwenye kijumba chenye kuta za sponji. Alikikadiria kwa macho, lita elfu mbili kasoro kidogo, akaona kuwa mlango haukubana vizuri upande wa bawaba. Akapewa kitufe: kila akisikia mlio, abonyeze. Milio ya kwanza, ile ya chini, aliipata yote. Kisha pakawa kimya. Alikaa akingoja, akidhani mashine imekwama. Alipogeukia kioo kidogo cha dirisha akamwona mtaalamu wa masikio yuko kazini, anabonyeza, anamtazama, anabonyeza tena.

Mtaalamu alimwonyesha karatasi. Mstari ulianza juu upande wa kushoto, ukaenda sawa kidogo, kisha ukaporomoka kama paa la banda.

"Huu ni mchoro wa boksi langu," fundi akasema, akacheka.

Mtaalamu hakucheka. "Msumeno umekula zaidi ya muziki, mzee. Na kilicholiwa hakirudi. Vipo vifaa vya kuvaa."

"Nivae wapi?"

"Sikioni."

"Nani atampelekea spika fundi mwenye kidude sikioni? Si ni sawa na kupanda basi umeona dereva ana fimbo nyeupe?"

Akarudi na karatasi mfukoni. Karakana yake ina ukuta mmoja wa mbao uliojaa michoro: kila boksi analotengeneza hulichorea mstari wa sauti zake, akaandika lakabu ya mwenye gari, akaibana karatasi kwa pini. Ipo mia na ushee. Ya masikio aliibana humo humo, katikati ya Kinyozi na Mzee wa Maziwa, bila jina. Angeweza kuichana, lakini hajawahi kuchana mchoro maishani mwake.

Mkewe hakuambiwa kitu, na hakukosa kujua. Ana sauti nyembamba, na ndiyo sauti ya kwanza aliyoipoteza mumewe. Alianza kugonga meza kwa kifundo cha kidole kabla ya kusema naye, mara mbili, ili kiganja cha mumewe kilicho juu ya meza kipate habari.

"Nikikuita kwa jina hugeuki," alimwambia siku moja. "Nikiburuta kabati unakuja mbio. Hebu nieleze, Baba Watoto, nimeolewa na wewe mimi, au kabati ndilo lililoolewa?"

Alicheka, kwa kuchelewa, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa.

Spika ya kwanza iliungua mwezi wa kwanza, ya pikapu. Alipotamka neno "feki" alikusudia kusema neno jingine, lakini hilo ndilo lililotoka, na mwenye pikapu alilipokea kwa urahisi kama chenji. Kwa spika ya pili neno hilo halikumpa taabu hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha.

Jumatatu hiyo ya teksi, saa sita mchana, shemeji yake alivuka barabara akiwa bado ameshika koleo ya nyaya.

"Shemeji."

"Shemeji. Karibu."

"Umemwambia wa teksi kwamba ni feki."

"Imeungua."

"Hata nyumba huungua. Nakuuliza, ni feki?"

Fundi alikuwa anautazama mdomo wake. Akajipangusa vumbi kwenye mikono, mkono mmoja, kisha mwingine. "Siku hizi vitu vinachanganywa," akasema.

"Tangu asubuhi nimerudishiwa redio mbili. Redio, shemeji! Redio ina koili gani ya kuungua? Mtu ananiambia, kama spika zako ni feki, na redio ni ndugu yake, chukua." Akaiweka koleo juu ya meza ya fundi kama anayeweka silaha. "Sasa sikiliza. Alhamisi Bucha anafungiwa zake mbili. Nimeziagiza mimi, nimezipokea mimi, nimezipima moja moja. Zimelala dukani kwangu kama watoto. Nazo zikifa, sibishani na mtu. Jumamosi lori linakuja, nafungasha, naenda mahali wasiponijua. Dada nimeshamwambia."

"Amesemaje?"

"Muulize mwenyewe. Analia tu."

Bucha ni muuza nyama mwenye gari jeusi ambalo kwa miaka mitatu mfululizo limeshinda mashindano ya besi kwenye uwanja wa kuegeshea malori. Kipimo hubandikwa kwenye kioo cha mbele, namba inasomwa, watu wanashangilia namba. Mara zote tatu lilikuwa na boksi la Chini-Chini. Mashindano ya mwaka huu yalikuwa Jumapili.

Kwa hiyo Jumanne na Jumatano fundi alitafuta sikio jingine. Alifunga spika kuukuu kwenye boksi la majaribio, akaibishisha kwa makusudi, akaanza kuitafuta tak. Aliwasha mshumaa mbele ya bomba; mwali ulicheza na ngurumo, haukusema zaidi. Akauma rula ya mbao, ncha nyingine akaibana kwenye ubao wa boksi, akafumba macho. Ngurumo ilimjaa kichwa mpaka meno yakawasha, na kama tak ilikuwamo, ilizama. Mama Viti alimchungulia kupitia tundu la bati.

"Jirani, njaa imefikia hapo? Njoo, nina chapati."

Hakugeuka. Mama Viti akabaki na sentensi yake hewani, akairudisha.

Njia ya uhakika ilikuwepo, na aliijua: kukata dirisha kwenye ubao wa chumba cha mbele, kuweka kipande cha plastiki ngumu ya kuonea, kuwasha taa ndani, na kuiangalia koni kwa macho. Kipande alikuwa nacho, kimelala nyuma ya mbao tangu zamani. Lakini kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewacheka mafundi wa madirisha. "Boksi lenye dirisha," alizoea kusema mbele ya umati, "ni la mtu asiyeamini masikio yake." Jumatano jioni alikitoa, akakipima, akakirudisha nyuma ya mbao.

Akachukua kalkuleta. Bomba refu la boksi la Bucha lilikuwa limepimiwa mitetemo thelathini na mitatu kwa sekunde. Hesabu ilimwambia kinobu kisishuke chini ya ishirini na tisa. Akaiandika 29 kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, kwa kalamu ya seremala.

Alhamisi saa nane mchana walikuwepo Bucha, shemeji, Mama Viti, mnyoosha bodi na watu wengine kama kumi. Boksi lilikuwa pacha, kila spika na vyumba vyake, limejaa buti lote. Bucha alivaa shati jeupe, jambo ambalo kwa kazi yake ni tangazo.

"Fundi," akasema, "nataka Jumapili yule jamaa wa gari jekundu arudi nyumbani akauze boksi lake liwe banda la kuku."

"Atakosa kuku," akasema mnyoosha bodi. "Watakufa kwa besi."

Wakacheka. Fundi akacheka alipowaona wanacheka. Kisha akainua mkono, na sheria ikaanza.

Mlio wa majaribio ulitoka bombani, mnene, wa mstari mmoja. Bati la karakana likaitika. Fundi akashika kinobu. Arobaini. Thelathini na sita. Besi ikazidi uzito, ikaingia kwenye magoti. Thelathini na mbili. Akakitazama kiganja chake. Ishirini na tisa.

Angeweza kusimama hapo. Baadaye alisema kwamba mkono ulisimama kweli, na kwamba alihesabu moja mpaka nne. Lakini wote waliokuwepo waliijua kanuni: kwanza spika ibishe, kisha fundi arudi. Akisimama bila spika kubisha, watauliza amejuaje. Kwa hiyo aliinua macho akazitazama nyuso zao. Alijiambia: ikibisha, nitaiona kwao. Mtu yeyote atashtuka.

Hakuna aliyeshtuka. Walisimama wima, wamebana midomo, wanamtazama yeye. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewafundisha kufanya hivyo.

Akashuka. Ishirini na saba. Ishirini na tano. Mama Viti aliuma pindo la khanga yake. Mnyoosha bodi alitazama chini. Shemeji alisogea nusu hatua, akasita. Fundi aliona tu watu waliotulia, na tumboni mwake besi ilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kutengeneza. Ishirini na tatu.

Harufu ya nywele ilifika kwanza.

Alizima kila kitu. Spika ya kushoto ilikuwa imekufa. Ya kulia ilipona. Bucha alisogea karibu na buti, akanusa, akamgeukia. Alisema polepole, na fundi aliweza kumsoma: "Fundi. Ile tak ilikuwa ya nini?"

"Tak gani?"

Mnyoosha bodi alijikuna shingo. "Mimi niliisikia mapema," akasema hatimaye, "kama mtu anabisha mlango wa jirani. Nikasema, fundi anajua."

Shemeji yake alikuwa amechuchumaa mbele ya boksi, kiganja juu ya ubao uliokuwa bado na joto. "Niliisikia tangu ishirini na saba," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa nakungoja urudi." Akainuka. "Haya. Sema basi. Watu wako hapa. Sema ni feki."

Fundi alifungua mdomo. Neno lile lililokuwa jepesi kama chenji halikutoka.

Shemeji aliuendea ukuta wa michoro. Alikuwa mtu wa spika, alijua kusoma mistari. Alitaka kuona boksi la Bucha lilichorwaje, kosa liko wapi. Kidole kilipita kwa Mwalimu, kwa Dereva wa Mchanga, kwa Kinyozi, kikasimama.

"Hili boksi la nani? Halina jina." Akaibandua karatasi, akaisogeza karibu na macho. "Sabufa gani hii inaanzia mitetemo mia mbili hamsini, inakwenda mpaka elfu nane? Na mbona inaporomoka hivi? Hapa katikati imekufa kabisa."

"La kwangu," fundi akasema.

"Gari lako lipi? Wewe huna gari."

Fundi akagusa sikio la kulia, kisha la kushoto.

Ilichukua muda. Mama Viti ndiye aliyeng'amua wa kwanza. "Toba," akasema, akakaa juu ya kiti kisicho na sponji.

"Ile ya teksi?" shemeji akauliza.

"Nzima."

"Ya kinyozi?"

"Zote zilikuwa nzima, shemeji." Asiyesikia hupaza sauti bila kujua, na neno hilo lilivuka barabara na kufika mpaka kwenye mlango wa buluu. "Hujawahi kuniuzia feki hata siku moja. Nimeziua mimi."

Shemeji alirudisha karatasi ukutani, akaibana kwa pini yake, kwa uangalifu wa ajabu. Akavuka barabara. Mlango wa buluu ukafungwa.

Ijumaa fundi hakukata ubao. Alikwenda kwa mwenye pikapu, kwa kinyozi na kwa mwenye teksi, akawaambia kwa mdomo wake. Wa pikapu alimfukuza. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu. "Mimi nilidhani una dharau," akasema. "Kila nikikusalimia unaukodolea macho mdomo wangu, nikasema huyu mzee meno yangu yamemkosea nini?" Mwenye teksi alimsikiliza akiwa ndani ya gari. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimemtukana mtu wa watu bure," akawasha gari, akaondoka.

Lori lilikuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Mke wa fundi alisimama kwenye kizingiti cha duka la mdogo wake, hakuzuia mtu, ila kila aliyebeba kasha alilazimika kumpita. Mwenye teksi alikuja akamshika shemeji mkono na kumwomba radhi. Shemeji aliipokea, akarudi kubeba. Makasha manne yalikuwa yamekwishapakiwa.

Fundi alivuka barabara. Mkono mmoja alibeba spika ya Bucha iliyopona, mwingine kipande cha plastiki kutoka nyuma ya mbao. Alisimama nyuma ya lori, akaanza kusema kabla shemeji hajamfikia.

"Imebaki moja. Nitaikatia dirisha. Ila macho peke yake hayatoshi, shemeji, nahitaji—"

Dereva alitia gia ya nyuma ili aukaribie mlango zaidi. Lori likaanza kupiga kile kilio chembamba cha kurudi nyuma, pii, pii, pii, ambacho kimewekwa ili mtu yeyote asikie. Watu wote pale mbele waligeuka. Fundi aliendelea kusema, mgongo wake kwa lori, spika ameipakata kifuani.

Shemeji aliona kwamba hasikii. Kuambiwa alikuwa ameambiwa Alhamisi; kuona aliona sasa. Alimrukia, akamvuta kwa kola ya shati hadi ukutani, na bodi la lori likapita mahali aliposimama, polepole, bila haraka yoyote.

"Zima!" shemeji akamfokea dereva. "Zima hilo!" Kisha akabaki ameishika kola. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniletea spika?"

Shemeji alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo kwa ajili ya faraja. "Nisingekuletea."

"Basi."

Makasha manne yalishushwa, mengine hayakupanda. Hakuna aliyetangaza kitu. Shemeji alimwambia dada yake kwamba lori atalihitaji wiki ijayo, labda, bado hajajua, na dada yake akaitikia kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba.

Mchana fundi alikata dirisha kwenye ubao wa chumba cha mbele cha kulia cha boksi la Bucha, upana wa kitabu, akairudisha spika mahali pake, akaziba kingo za dirisha kwa silikoni. Watu walikuwa wachache kuliko Alhamisi, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Mama Viti aliiacha cherehani iende. Shemeji alisimama mahali ambapo fundi angeweza kuuona mdomo wake.

Taa ndogo ikawashwa ndani. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa fundi aliiona koni ya boksi la vyumba viwili ikiwa kazini: doa jeusi linalopumua, kingo zake zimefifia kwa kasi.

"Inabisha?"

"Bado."

Thelathini. Ishirini na tisa. "Inabisha?"

"Bado."

Ishirini na nane, na kupita kidogo. Mkono wa shemeji ukamdaka kifundo cha mkono. Fundi akarudi nyuma upana wa ukucha, akaiangalia namba. Ishirini na tisa. Kwenye kiganja chake wino wa Jumatano ulikuwa bado haujafutika vizuri.

"Ikoje?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo tak. Leo ikoje?"

Shemeji akatafuta neno. "Ndogo," akasema, akiukunjua mdomo vizuri ili asomeke. "Kama kidole kwenye meza."

Fundi akakishusha kinobu tena, nywele moja tu, akaweka kiganja juu ya boksi. Besi ilijaa mkononi, ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Akangoja tak ibishe kiganjani. Mkono wa shemeji ulimdaka kwa mara ya pili, naye alikuwa bado anangoja.